Tusing'oe mipilipili mwezi wa sita



Tukipita vijijini huku Mtito Andei mwezi wa sita ukielekea kuisha, tunaona jambo moja karibu kila shamba la pilipili. Majani yamekuwa ya manjano, maua yanadondoka, upepo unaleta vumbi, na mwenye shamba ameshaamua kwamba mimea imezeeka. Anaing'oa ama anawafungulia mbuzi wajimalizie, akisema atapanda mingine mvua ikija.

Somo la toleo hili ni la huyo mwenye shamba, na zaidi ni la kikundi chenye shamba la pamoja. Mipilipili mingi inayong'olewa wakati huo ingali hai. Anayeivusha mpaka mvua ya mwezi wa kumi na moja, ile tunayoita nthwa, anaweza kuchuma karibu na Krismasi, na shule zikifunguliwa Januari ana kitu mkononi. Aliyeng'oa akaanza tena na mbegu atangoja mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Lakini kuvusha kuna gharama yake, na gharama yenyewe ni maji. Ndio maana tunawaomba msome hili na kulijadili mwezi wa tano, kabla baridi haijafika, wakati watu bado wanaongea vizuri.

MPILIPILI NI MTI WA MIAKA

Mahindi yakishazaa yanakufa, hata uyamwagilie namna gani. Ndengu vile vile. Mpilipili uko upande wa mbaazi: ukizaa leo na usikose maji kabisa, utazaa tena. Pilipili kichaa, zile ndogo kali ambazo nyingi zinasimama zikitazama juu, zinaweza kuzaa miaka miwili hata mitatu kwenye shina lile lile, ingawa mwaka wa tatu mavuno hushuka.

Asili ya mmea huu ni bara la Amerika. Wareno ndio waliousambaza huku kwetu na Asia kuanzia karne ya 16. Katika nchi za baridi kali kama za Ulaya, usiku mmoja wa barafu unatosha kuuua, na kwa sababu hiyo vitabu vingi vya huko vinauita mmea wa msimu mmoja. Watu wa huko wanaopenda kuuhifadhi wanauchimba, wanaukata matawi, wanaupanda kwenye chungu na kuuweka ndani ya nyumba mpaka majira yageuke. Sisi hatuna haja ya kuuingiza nyumbani. Hapa kwetu Kenya barafu ya usiku iko Kinangop, Limuru na sehemu nyingine za juu. Mtito Andei iko chini ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari, na hakuna mtu aliyewahi kuamka hapa akakuta barafu kwenye majani.

Kama mnabisha, tembeeni kwenye ua wa zamani wenye miti. Mara nyingi mtakuta mpilipili ulioota wenyewe chini ya mti, hakuna aliyeupanda, hakuna anayeumwagilia, na una miaka. Ndege ndiye aliyeupanda. Ule ukali unaotuchoma sisi, na unaomchoma ndovu na panya, ndege hausikii kabisa, kwa hivyo anameza pilipili na kuzidondosha mbegu mahali anapolala. Sasa tazameni mahali penyewe palivyo. Pana kivuli cha nusu siku, majani makavu yamefunika udongo, mti unakinga upepo, na mzizi mkuu umeshuka chini bila kukatwa wakati wa kuhamisha mche. Hayo manne ndiyo tunayotaka kuyaiga shambani.

NINI HASA KINACHOUA?

Miezi ya sita, saba na nane kwetu ina mawingu asubuhi, upepo kutoka kusini-mashariki, na usiku wa kutafuta blanketi. Mpilipili ukipata usiku unaokaribia nyuzi 15 unaangusha maua na karibu unasimama kukua. Mkulima anaona maua chini, anasema umekufa. Kumbe umepunguza kazi.

Tena baridi hiyo inatusaidia. Mmea usiokua haunywi maji mengi. Hatari ya kweli inakuja mwezi wa tisa na wa kumi: jua limerudi, mmea umeanza kuchipua, mvua bado, na mto wa mchanga umeshuka mpaka mchimbaji anazama kifuani. Tumeona vikundi vinavyomwagilia kwa bidii sana mwezi wa saba, halafu mwezi wa tisa watu wamechoka na maji yameisha, na mimea inafia mlangoni pa mvua. Afadhali kinyume chake. Mwagilieni kidogo wakati wa baridi, na nguvu za watu ziwekwe kwa Septemba na Oktoba.

Baada ya ukavu, muuaji wa pili ni mbuzi. Huku Ukambani mavuno yakitoka mifugo inaachiliwa itembee, na mbuzi aliyekosa majani mengine hachagui. Chipukizi la mpilipili uliopogolewa ni laini. Shamba lisilo na ua wa matawi ya miiba lisisumbuliwe na somo hili, jengeni ua kwanza.

KUCHAGUA YA KUBAKI

Sio kila shina linafaa kuvushwa. Lenye majani yaliyojikunja na kukunjamana, au yenye madoadoa ya manjano na kijani, lina ugonjwa wa virusi, na hakuna dawa ya kuuponya. Likibaki, vidukari na inzi weupe watauchukua ugonjwa humo na kuupeleka kwa miche mipya ya Novemba. Ling'oeni, mlichome. Lililonyauka ghafla likiwa bado kijani, kateni shina karibu na udongo na mtumbukize kipande kwenye glasi ya maji safi. Ukitoka kama uzi wa maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Usikae shimo hilo na mpilipili mwingine, wala nyanya, wala biringanya, wala mnavu, maana hao wote ni ukoo mmoja. Na mkiona mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo, na shina hilo halifai kubebewa maji miezi mitano.

Yaliyobaki hesabuni. Kama maji yenu yanatosha mashina 200, chagueni 200 bora, hata kama mna 600. Hapa ndipo watu huona uchungu, na tunaelewa, kwa sababu kila shina lilipandwa na mtu. Lakini 200 yaliyofika Novemba yana faida kuliko 600 yaliyokauka Septemba.

KUPOGOA NA KUFUNIKA

Kazi hii ifanywe mwisho wa mwezi wa tano au mwanzo wa wa sita, udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua. Chumeni kwanza pilipili zote, nyekundu na za kijani. Halafu kateni mmea mpaka ubaki urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ukiwa na matawi matatu mpaka matano yenye nguvu. Kateni juu kidogo ya kifundo, maana chipukizi linatokea hapo. Acheni majani machache, msiuache uchi kabisa kama fimbo. Kisu kiwe kikali na kipanguswe kwa jiki au kipitishwe kwenye moto kila mnapomaliza shina lenye shaka. Panga butu linapasua shina na kufungulia magonjwa mlango.

Sababu ya kukata ni kwamba maji yanatokea kwenye majani. Majani yakipungua kiu inapungua, na mizizi iliyozoea kulisha mti mkubwa sasa inalisha mti mdogo.

Kisha zungusheni beseni la udongo kila shina, wekeni konzi mbili tatu za samadi iliyooza, na mfunike kwa nyasi kavu, mabua ya mahindi au makapi ya ndengu, unene wa upana wa kiganja. Matandazo yasiguse shina, acheni nafasi ya vidole vinne, la sivyo mchwa watapanda. Huku kwetu mchwa hawapendi kukaribishwa mara mbili, basi kagueni kila wiki.

Na upepo? Hapa kuna hila ambayo haigharimu kitu. Mbaazi za kienyeji, nzuu, zile za msimu mrefu, hupandwa na mvua ya nthwa na husimama shambani mpaka mwezi wa nane au wa tisa. Zikipandwa mstari mmoja upande wa kusini-mashariki wa shamba la pilipili, zinakuwa ukuta wakati ule ule upepo unapovuma. Mkizivuna msizikate mashina mara moja, acheni yasimame mpaka mvua inyeshe.

Wadudu wa kiangazi ni wale wa vumbi: utitiri, ambao unafanya jani liwe na rangi ya shaba upande wa chini, na vidukari. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, nusu kilo kwa lita 10 za maji, zilale usiku mmoja, zichujwe, zinyunyizwe jioni upande wa chini wa majani. Dawa za dukani ni jambo la kuuliza afisa wa kilimo, na siku ya kupuliza iandikwe, kwa sababu mnunuzi ataiuliza.

HESABU YA MITUNGI

Hapa tukae kidogo, maana ndipo vikundi vinapovunjikia.

Shina lililopogolewa na kufunikwa vizuri linaweza kuishi na lita 4 kwa wiki katika miezi ya baridi. Hiyo ni mtungi mmoja wa lita 20 kwa mashina matano. Mashina 600 ni mitungi 120 kwa wiki. Kikundi cha watu 20 kikigawana, kila mtu ni mitungi 6, yaani safari moja na nusu ya punda. Sio kazi mbaya. Lakini watu 15 wakiacha kuja, wale watano wanaobaki wana mitungi 24 kila mmoja, safari sita za punda, kila wiki, na nyumbani bado kuna mpishi, mtoto na ng'ombe wanaongoja maji hayo hayo.

Na wanaobaki ni kina nani? Wanaojua kazi zetu watajibu bila kufikiri. Ni kina mama, tena wale wenye umri.

Kwa hivyo tunasema wazi: maji ya kunywa na ya kupikia ya nyumba yasiguswe kwa sababu ya pilipili. Kama foleni mtoni imefika saa tatu, punguzeni mashina. Yapo maji mengine ya kusaidia. Yale ya kuoshea vyombo na ya kuoga yanafaa kumwagwa kwenye beseni la shina, mradi yasiwe na sabuni nyingi ya unga na yasimwagike juu ya pilipili. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo, ikazikwa kando ya shina, inatoa maji pole pole kwenye mizizi na hakuna tone linalopotea kwa jua. Mahali palipo na bwawa la mchanga, kama yale mengi yaliyojengwa Kitui na Makueni, shamba liwe karibu na bwawa. Kuchagua shamba kwa sababu mwenye shamba ni mwenyekiti ni jambo ambalo mitungi haitasamehe.

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilipata shida ile ile: ishirini walipanda, saba walibeba maji, na pilipili zilipoiva ishirini walifika na vikapu. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema shamba ni la mwethya, na mwethya haugawanywi kwa mizani. Ndipo kijana mmoja akamgeukia mama mzee aliyekuwa amebeba maji tangu mwezi wa sita, akamwambia, "Mwaitu, wewe ndiwe unajua. Sema." Mama akasema yeye hataki fungu kubwa, anataka tu mwaka ujao asibebe peke yake.

Walichoamua tunaona kina busara. Walianzisha daftari la mitungi. Nusu ya pesa za mauzo ya msimu inagawanywa sawa sawa kwa sababu wote walilima na kupanda, na nusu ya pili inafuata daftari. Baadaye likatokea swali lingine gumu: mama mmoja alikuwa hospitalini na mtoto wiki nne, na daftari likaonyesha sifuri. Walibishana jioni nzima. Mwishowe waliandika kwamba aliye na mgonjwa, aliyejifungua au aliyefiwa anahesabiwa kama aliyekuja, mpaka wiki nne, na zaidi ya hapo kikundi kinakaa tena. Wengine walinung'unika kwamba watu watajifanya wagonjwa. Mpaka sasa hajajifanya mtu. Sisi tunawaomba muandike kanuni yenu mwezi wa tano, kila mtu aweke sahihi au kidole.

NDOVU

Hatuwezi kuandika habari za kiangazi Mtito Andei tukamruka ndovu. Tuko katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na nyasi zikiisha mbugani anatoka kutafuta maji na chakula. Pilipili hali, lakini kinachomvuta ni mahindi, ndizi na tangi la maji, na akipita kuelekea huko mipilipili inabaki chapati.

Pilipili yenyewe inaweza kuwa silaha ya kumfukuza. Katika miaka ya 1990 huko Zimbabwe shirika la Elephant Pepper Development Trust lilianza kuwafundisha wakulima kuitumia. Pilipili kavu iliyosagwa inachanganywa na oili chafu ya gari, inapakwa kwenye vitambaa na kamba ya katani iliyozungushiwa shamba. Njia nyingine ni kukanda kinyesi cha ndovu au ng'ombe na pilipili iliyosagwa, kukifanya matofali, kuyakausha, na kuyawasha usiku upande unaotoka upepo ili moshi umwendee ndovu. Pilipili zilizooza kidogo au zenye madoa, ambazo mnunuzi anazikataa, zinafaa sana kwa kazi hii.

Tusidanganyane, ndovu mwenye kiu kali au aliyezoea anaweza kupita. Kamba inatakiwa kupakwa tena mara kwa mara, na matofali yasiwashwe karibu na nyasi kavu bila mtu wa kuyalinda. Ndovu akiwa ameshaingia, msimkaribie. Pigieni simu KWS na mwambieni chifu, na uharibifu uandikishwe upesi, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu madai ya fidia.

WAKATI WA KUCHUMA

Tutasema kwa ufupi tu, toleo lingine litashughulikia soko. Zinazouzwa mbichi kwa vibanda vya chakula pale barabarani, madereva wa matrela wanapopumzika, zichumwe asubuhi umande ukikauka. Za kukausha ziwe nyekundu kabisa. Kilo 3 hadi 4 mbichi hutoa karibu kilo moja kavu. Zianikwe juu ya kichanja chenye wavu, si chini kwenye udongo, na zifunikwe usiku. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 katika wilaya zetu za mashariki, wengi wao Makueni na Kitui, na kuvu hiyo hiyo inapenda pilipili zilizokaushwa vibaya. Zikiwa tayari, ukitikisa moja mbegu zinalia ndani.

Anayechuma ajipake mafuta ya kupikia mikononi kwanza. Akimaliza asinawe kwa maji peke yake, kwa sababu ukali hauyeyuki kwa maji. Ajipake mafuta tena, halafu sabuni. Mama anayenyonyesha apewe kazi nyingine siku hiyo.

Mnunuzi wa nchi za nje akija na mkataba, jueni kwamba tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya una masharti makali kwa pilipili mbichi kutoka Afrika kwa sababu ya kiwavi wa nondo anayetoboa matunda, na KEPHIS ndio wanaokagua. Muulizeni mapema kama anakubali za mashina yaliyopogolewa, anapima kwa mizani ya nani, na analipa siku gani. Majibu yaandikwe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kutoka shamba letu mpaka maji ya Septemba (sio ya Juni) ni safari ya muda gani? Basi tunaweza kuvusha mashina mangapi?

2. Mwaka jana nani walibeba maji, na nani walipata pesa? Someni majina kwa sauti, bila hasira.

3. Mbuzi wa nani huingia shambani, na nani atakwenda kuongea na mwenyewe kabla ya mwezi wa sita?

4. Kama mvua ya nthwa ikichelewa mpaka Desemba, tutaacha mashina yapi yafe kwanza?